Ikigai si duara nne: maana ya neno la Kijapani linalozunguka kwenye simu zetu

Wiki mbili zilizopita msikilizaji mmoja wa kipindi chetu cha asubuhi alitutumia picha kwa WhatsApp. Huenda na wewe umeshaipata. Ina duara nne zilizopandana: unachokipenda, unachokiweza, kile ambacho dunia inakihitaji, na kile unacholipwa. Katikati, pale zote zinapokutana, limeandikwa neno ikigai, na chini yake maelezo kwamba hiyo ndiyo siri ya Wajapani ya kuishi maisha marefu yenye kusudi.

Msikilizaji huyo aliandika: "Mimi nalima mahindi na ninaimba kwaya. Kwaya silipwi. Mahindi nalima kwa sababu lazima tule. Ina maana maisha yangu hayana kusudi?"

Nililisoma swali lake hewani, nikamjibu juujuu kwa kuwa taarifa ya habari ilikuwa inasubiri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na nimegundua kwamba ile picha imemdanganya.

Kwanza, picha yenyewe haikutoka Japani. Duara zile zilichorwa na mnajimu wa Hispania, Andrés Zuzunaga, na katikati yake aliandika neno "kusudi" kwa Kihispania. Mwaka 2014 mjasiriamali mmoja, Marc Winn, alibadilisha neno hilo moja tu, akaweka ikigai, akaichapisha kwenye intaneti. Ikasambaa dunia nzima, na sasa imefika kwenye simu ya mkulima wa mahindi na kumnyima usingizi.

Neno ikigai lina sehemu mbili. Iki inatokana na kuishi, na gai inatokana na kai, yaani thamani au faida ya jambo. Ukiyaweka pamoja unapata kile kinachofanya kuishi kuwe na thamani. Mjapani wa kawaida hulitumia bila makuu. Bibi anaweza kusema mjukuu wake ndiye ikigai yake. Mzee aliyestaafu anaweza kuitaja bustani yake ya mboga. Hakuna anayewauliza wanalipwa kiasi gani.

Aliyelichunguza neno hili kwa undani kuliko wengi ni mwanamke, Mieko Kamiya, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa mwaka 1914. Akiwa binti wa miaka 19 alifuatana na mjomba wake, aliyekuwa mhubiri, kwenda katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma ili apige kinanda. Alichokiona huko hakikumtoka moyoni, akaamua kuwa daktari.

Hapa inabidi nieleze kidogo hali ilivyokuwa. Kwa sheria ya Japani ya wakati ule, mwenye ukoma alitengwa na jamii. Alitolewa nyumbani kwao na kupelekwa kwenye makazi maalumu, na wengi walibadilisha majina ili ndugu zao wasiaibike. Dawa zilipatikana baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini sheria ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1996 tu. Moja ya makazi hayo, Nagashima Aiseien, lilifunguliwa mwaka 1930 kwenye kisiwa. Mkondo wa maji unaokitenga na bara ni mwembamba sana, lakini daraja halikujengwa hadi mwaka 1988.

Kamiya alianza utafiti wake hapo mwaka 1957. Aliwakuta watu wanaokula, wenye paa juu ya vichwa vyao, na hata hivyo wengi walikuwa na utupu ndani: leo kama jana, kesho kama leo. Lakini katika mazingira yaleyale walikuwapo wengine walioishi kwa furaha ya kweli, na swali lake likawa hilo: hawa wana nini?

Walikuwapo wagonjwa waliopofuka, na vidole vyao vimekufa ganzi hata hawawezi kupapasa maandishi ya nukta nundu. Wakajifunza kuyasoma kwa ulimi, wengine wakianza huku ulimi ukitoka damu. Palekuwa pia na bendi ya wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1953, wakipiga vinanda vya mdomo. Mwaka 1966 Kamiya alitoa kitabu kuhusu ikigai, na mpaka leo Wajapani wanakisoma.

Sasa mpime mgonjwa yule kwa duara nne. Kusoma kwa ulimi alilipwa nani? Dunia ilimhitaji, au ilikuwa imemtupa kisiwani? Kwa picha ile angeshindwa kabisa mtihani, na bado alikuwa na ikigai.

Je, ni kweli kwamba jambo hili linarefusha maisha? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku waliwafuatilia watu zaidi ya 43,000 katika eneo la Ohsaki kwa miaka 7, wakatoa matokeo mwaka 2008. Waliosema hawana ikigai walifariki kwa wingi zaidi, hasa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Ila tusikimbilie kuliita dawa. Katika kundi la waliosema hawana, wengi tayari walikuwa na afya mbaya au hawakuwa na kazi, na ni vigumu kulitenganisha moja na jingine.

Wala Wajapani si malaika wa maisha ya kiasi. Wao ndio wenye neno karoshi, kifo cha kuchoshwa na kazi, na mwaka 2014 ilibidi watunge sheria ya kukizuia. Ukitaka kuona kiasi, tazama wazee wa Okinawa kusini. Wana msemo wa kula mpaka tumbo lijae sehemu 8 kati ya 10, kisha unaacha. Wana pia moai, kikundi cha watu wanaokutana, kuchangiana fedha na kupeana zamu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu studio, maana ni upatu mtupu! Mama zetu wanaucheza, na sijawahi kuona mtu akiuchorea duara.

Alhamisi jioni nilimpigia simu yule msikilizaji nimweleze haya yote. Hakupokea. Alinirudia saa tatu usiku, akaomba radhi, akasema walikuwa mazoezini. Mwimbaji wao wa besi amehamia mjini, na mwalimu wa kwaya amemwomba yeye ashike nafasi hiyo kabla ya Jumapili. Nikamwambia habari za Japani zinaweza kusubiri.