Saa za Tiketi Zisikuvunjie Uchumba!

Wiki hii tuongelee saa. Siyo ya mkononi, nazungumzia zile zinazoandikwa kwenye tiketi ya ndege. Nimeziona kwa macho yangu zikitaka kuvunja uchumba wa watu.

Oktoba 28, 2018 Kenya Airways walianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, Marekani. Kilomita kama 11,800, hakuna kutua njiani. Ratiba ya wakati huo ilionyesha ndege inaondoka Nairobi 23:25 na kutua New York 06:25. Kwa lugha yetu, saa 5:25 usiku hadi saa 12:25 asubuhi.

Haya, piga hesabu ya haraka haraka. Saa 7 tu! Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Jamaa yangu mmoja wa Sinza alipotea hivyo hivyo. Februari 2019 mchumba wake aliondoka Dar, akaunganisha ndege Nairobi, anakwenda kusoma. Kabla ya kuzima simu akamwandikia: "Natua saa 12:25 asubuhi, nitakutafuta."

Jamaa kaamka alfajiri, simu mkononi. Saa 1, kimya. Saa 3, kimya. Saa 6 mchana akanifuata kijiweni, macho mekundu, anaapa kwamba binti kapokewa na mwanaume mwingine. Ujumbe wa kuvunja uchumba alishauandika, bado kuutuma tu.

Nikamwambia, "Kaa kwanza mshikaji, lete kalamu."

Tiketi inaandika saa za mahali. Ya kuondoka ni saa ya Nairobi, ya kutua ni saa ya New York. Na mwezi huo New York walikuwa nyuma yetu kwa saa 8. Kwao 12:25 asubuhi, kwetu 8:25 mchana! Kumbe safari ni saa 15. Binti wa watu alikuwa bado yuko hewani, simu imezimwa, hana habari kama anaachwa.

Saa 9 alasiri ujumbe ukaingia: "Nimefika mpenzi." Jamaa akafuta ule wake kimya kimya.

Kurudi ndiyo kichekesho. Kwenye karatasi utaona kama saa 22, wakati ndege inatumia kama 14. Wapo wanaodai eti dunia inazunguka kuipokea ndege. Wapi! Hewa nayo inazunguka na dunia. Sababu ni upepo mkali wa juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukirudi huku unakusukuma, ukienda unakupiga usoni.

Sasa shika haya. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba Wamarekani wanasogeza saa zao mbele, tofauti inabaki saa 7. Tiketi ikisema 00:30 Jumamosi, uwanjani unakwenda Ijumaa usiku. Ukisubiri Jumamosi usiku utapungia mkono ndege ya wenzako. Na mwenzio akisafiri, usimuulize tu anatua saa ngapi. Muulize atakaa hewani saa ngapi, kisha jumlisha kwa saa ya kwenu.

Ukishajumlisha, lala usingizi wako. Akitua atakutafuta.

Tukutane wiki ijayo!