Siyo moshi tu, breki nazo zinatumaliza!

Kuna washkaji wanaamini siku daladala zote zitakapokuwa za umeme, mapafu yetu yatapona. Thubutu! Moshi utaondoka, lakini vumbi je? Dereva akikanyaga breki, pedi zinasagika. Tairi nazo zinalika kwenye lami. Vumbi lake jingine ni laini mno, hulioni, linapita puani mpaka mapafuni. Chembe ndogo kabisa huingia hadi kwenye damu na kuusumbua moyo. Wenzetu wa Ulaya mwaka 2024 walipitisha sheria iitwayo Euro 7, inayobana hata vumbi la breki, na magari ya umeme yamo. Hapa Dar, muuza mihogo kakaa palepale daladala zinapofunga breki, sinia wazi! Dada yangu, sogea nyuma kidogo. Wateja tutakufuata.