Skeche ao teatre forumu: kikundi chenu kichague nini?

Vijana wa vikundi huku Lulimba wanajiuliza: tukitaka kuigiza mzozo wa walimaji na wafugaji, tucheze namna gani?

Skeche ni rahisi. Munaandika, munakariri, watu wanacheka, wanarudi nyumbani. Inatosha kwa habari isiyo na mabishano, kama vile kunawa mikono.

Teatre forumu ni kitu kingine. Ilianzishwa na Augusto Boal, Mbrazili, miaka ya 1970. Wachezaji wanafikisha hadithi mahali pabaya: ng'ombe wako ndani ya muhogo, panga limeinuliwa. Hapo wanasimama. Mwongozaji, ambaye Boal alimwita joker sawa na ile karata, anauliza watazamaji: wewe ungefanya nini? Mama mmoja anatoka, anashika nafasi ya mlimaji, anajaribu njia yake. Mchezaji wa mfugaji anamjibu vile mfugaji angejibu kweli, hamurahisishii. Kazi yote iko hapo.

Musitaje kijiji, kabila wala jina la mtu. Na mwongozaji lazima aaminiwe na pande zote mbili, juu mchezo unaweza kugeuka ugomvi wa kweli. Kama hamuna mutu kama huyo, bakieni kwanza na skeche.