Siri ya Mtungi: Kwa Nini Tusome Kitabu cha Pili cha Bwana Msa (Sehemu ya Nne)

Mwezi wa Juni 2025, mwendesha mashtaka wa Ubelgiji aliiomba mahakama impeleke kizimbani Étienne Davignon, mwanadiplomasia wa zamani aliyekuwa na umri wa miaka 92, kwa tuhuma zinazohusu kifo cha Patrice Lumumba. Kati ya Wabelgiji walioshtakiwa na watoto wa Lumumba mwaka 2011, ndiye pekee aliyekuwa bado hai. Tuhuma si hukumu, na wakati huo mahakama ilikuwa bado haijasema neno lake. Redio ilipotangaza habari hiyo nilikuwa mezani, bukari na sombe mbele yangu, tonge likakwama njiani. Mke wangu akauliza nimekumbuka nini. Nikamjibu: Bwana Msa. Akacheka, maana nyumbani kwetu jibu hilo limeshazoeleka.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanamjua Bwana Msa: mpelelezi wa Unguja, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni akiuliza yale ambayo na sisi tungeuliza. Wanajua pia kwamba mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi wa mwaka 1918, alikuwa mwandishi wa habari na hakuwa polisi, na kwamba herufi za mwanzo za majina yake matatu ndizo zinazolifanya jina la mpelelezi. Sirudi huko. Leo nataka kukizungumzia Kisima cha Giningi, kitabu cha pili, kwa sababu barua nilizopata tangu sehemu ya tatu, karibu zote za wanafunzi na moja ya padri, zinauliza jambo lile lile: mtu aliyekwisha kusoma kile cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, akamjua mwenye hatia, aendelee kwa haja gani?

Haja ipo, na nitaieleza kwa kupitia jino.

Watu wa Lubumbashi hawangoji kuambiwa kilichotokea usiku wa tarehe 17 Januari 1961 huko Shilatembo, ambako Lumumba aliuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kamishna wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, ndiye aliyesimamia kazi ya kuipoteza miili hiyo, kwa msumeno na kwa tindikali. Akabaki na meno. Akarudi kwao, akaishi, akazeeka, akafa mwaka 2000. Hicho ndicho kitabu cha kwanza: nani aliua, wapi, kwa amri ya nani. Wanahistoria wamekifungua, Ludo De Witte kwa kitabu chake cha mwaka 1999, kisha tume ya Bunge la Ubelgiji ambayo mwaka 2001 ilikiri kwamba Ubelgiji ilikuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo kile.

Lakini kuna kitabu cha pili, nacho mkasa wake hauko porini. Uko ndani ya nyumba kama nyumba nyingine huko Ubelgiji, yenye meza na kabati na watoto wanaokua, na mahali fulani humo pamewekwa kitu cha familia ya watu wengine. Mwaka 2016 binti wa kamishna alizungumza na gazeti moja la kwao, jino likajulikana lilipo, polisi wakalichukua. Toka 1961 hadi 2016 ni miaka 55. Mwaka 2020 Juliana Lumumba akamwandikia mfalme wa Ubelgiji kudai masalia ya baba yake, na tarehe 20 Juni 2022 familia ikakabidhiwa jino hilo huko Brussels. Siku chache baadaye jeneza lilipita hapa kwetu, likafikishwa Shilatembo, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Wengi wenu mlikuwapo barabarani. Mimi nilisimama kwenye jua kwa saa tatu, na sijutii.

Tazameni basi: waliokifungua kitabu cha pili ni mabinti wawili. Mmoja alikuwa na jino nyumbani, mwingine alikuwa na pengo. Wazee wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mgeni huuona mtungi kwa nje, akausifu. Kata huingia ndani kila siku, hugusa tope la chini, na hakuna anayeiuliza.

Sasa nirudi Unguja. Hadithi ya kwanza ya Bwana Msa ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya utungaji ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Ya pili ilitoka mwaka 1968. Kati ya miaka hiyo Unguja ilipinduliwa, Januari 1964, mashamba yakabadili wenyewe na watu wengi wakabadili namna ya kuyataja majina ya baba zao. Sidai kwamba riwaya inayasimulia mapinduzi. Ninachodai ni kwamba aliyeisoma ile ya kwanza huingia katika ya pili akiwa msomaji mwingine. Ameshajifunza mchezo. Anajua kwamba mtunzi atamrushia mzimu mbele ya macho ili asione mkono wa mtu. Giningi katika masimulizi ya Unguja ni mji wa wachawi, mji usioonekana, na jina hilo juu ya jalada linatosha kumtetemesha mtoto. Lakini wewe uliyekwisha kupita kwenye mzimu wa watu wa kale unaanza kuuliza mapema: nani ananufaika na hofu hii? Nani ni mtoto wa nani humu ndani? Nani atarithi? Mara ya kwanza ulimfuata mpelelezi. Safari hii unajaribu kumtangulia, na raha yote iko hapo. Mkasa wenyewe sitausimulia, na padri aliyeniandikia akitaka pia nimfichulie mwisho wake atanisamehe.

Katika vitabu vya Abdulla, fumbo hufumbuliwa mara nyingi kwa kupanga ukoo: ndoa iliyofichwa, mtoto aliyelelewa mbali, damu iliyopewa jina jingine. Vichwa tu vinatosha kukuonyesha, kwa mfano Mke Mmoja Waume Watatu wa mwaka 1975, au Siri ya Sifuri kilichotangulia kwa mwaka mmoja. Vijana wanaopenda bastola na ndege huniambia Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mkali zaidi, na kwamba katika Kikosi cha Kisasi anafika mpaka Kinshasa. Ni kweli, anafika. Lakini Willy Gamba huwatafuta maadui wa nchi. Bwana Msa humtafuta mtu aliyekula nawe jana sahani moja.

Na hapa naomba nafasi kwa jambo ambalo wahariri hunikata kila nikiliandika. Mji wetu unacho kitabu chake cha kata. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya jina la Élisabethville kufutwa na kuwa Lubumbashi, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu kilichopigwa kwa taipu na kurudufiwa, kwa Kiswahili cha mjini humu, kiitwacho Vocabulaire de ville de Élisabethville. Aliyekikusanya ni André Yav, naye alikuwa boyi. Kichwa kinadanganya, maana si kamusi hata kidogo. Ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni: wazungu na majina waliyopachikwa na watumishi wao, kazi, mishahara, vita, mateso, na mambo yaliyosemwa juu ya meza na mabwana waliodhani aliyeshika sahani hana masikio. Tahajia yake inayumba, sentensi zake hazina nukta, na walimu wa Kiswahili bora wakiziona hukunja uso. Mimi nimekisoma mara tano. Johannes Fabian alikitoa upya mwaka 1990 pamoja na maelezo, na ni aibu yetu kwamba leo ni rahisi zaidi kukipata katika vyuo vya Ulaya kuliko Kamalondo, ambako akina Yav wa zamani walikuwa wakirudi usiku kulala.

Humo mna habari za batumbula. Wakubwa wanakumbuka: watu wa usiku waliosemekana kuwakamata Waafrika njiani na kuwapeleka kwa wazungu waliwe. Kambo yangu, yaani babu yangu, alikuwa hapiti karibu na nyumba fulani hata mchana. Wasomi wamekwisha kuandika mengi juu ya hofu ile, na wengi wanaona ndani yake kilio cha watu waliokuwa kweli wakiliwa, nguvu zao zikiliwa migodini. Bwana Msa angekaa kwenye ngazi ya nyumba ile, akajaza kiko, akasema: tuache batumbula kwanza, tuulize ni mtu gani hakurudi nyumbani, na nani anakula mshahara wake. Ndiyo maana nasema mzimu, Giningi na batumbula ni pazia moja lililoshonwa katika miji tofauti. Na ndiyo maana kijana wa Katuba au Ruashi asikione Kisima cha Giningi kuwa kitabu cha kisiwa cha mbali.

Nimetumia nafasi nyingi, na jambo la leo lenyewe limebaki na mistari michache. Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu chetu alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linaloumiza, Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni, Union Minière na kisha Gécamines, iliyogawa unga, shule, zahanati na hata nidhamu ya nyumbani. Miaka miwili baadaye wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakatolewa kazini katika mpango ulioitwa wa hiari. Wajukuu wao ndio wanafunzi wanaoniandikia. Wanajua namba ya kambi aliyoishi kambo lakini hawajui alitoka kijiji gani, kwa nini jina lake kwenye kadi ya kazi si lile alilozikwa nalo, wala kwa nini mwaka 1992 shangazi fulani alipanda treni ya Kasai na jina lake halikutajwa tena mezani. Sisi wazee ndio tuliofunga mdomo. Tunawaita watoto watundu wakiuliza, halafu tunalalamika kwamba hawasomi. Mimi mwenyewe mwanangu aliniuliza juu ya baba yangu mdogo mmoja, nikamwambia akalete maji.

Kwa hiyo kama ni sababu mnazitaka, nimeshazitoa, ingawa hazikupangwa. Kilichobaki ni upatikanaji, ambao ni mgumu. Vitabu hivi haviuzwi hapa. Mimi huwaagiza madereva wa malori yanayotoka Dar es Salaam. Wengine hucheka, wengine huleta, na mmoja aliniletea Mwana wa Yungi Hulewa akiwa ameshakisoma chote kwenye foleni ya Kasumbalesa, akakataa kunikabidhi mpaka tubishane kwanza juu ya mwisho wake. Tulibishana mpaka forodha ikafungwa.

Nakala yangu ya Kisima cha Giningi ilitoka nyumbani wakati wa Pasaka, ikaenda Katuba kwa mwanafunzi mmoja, yeye akampa dada yake, dada akampa mwalimu. Aliyenayo airudishe kabla ya sehemu ya tano. Michoro ya koo za watu niliyoiona pembeni mwa kurasa mara ya mwisho, kwa kalamu ya risasi, isifutwe. Ukoo mmoja nadhani naujua, na ningependa kuzungumza na aliyeuchora.