Taa ya Kufugia Matumbawe

Leo nilikusudia kuwasomea habari za chakula cha samaki wa maji ya chumvi, lakini imefika barua isiyofaa kungojeshwa. Mwenye barua yuko Muscat. Ana tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90 na kina cha sentimita 45, na ndani yake anafuga matumbawe. Anasema alinunua taa mpya ya LED, akaiona hafifu, ya buluu-buluu tu, basi akaifungulia nguvu zote. Baada ya siku kumi matumbawe yake yakawa meupe. Sasa auliza: je, anunue taa ya pili aiongeze juu ya ile ya kwanza?

Bwana, tafadhali usinunue. Ipunguze nguvu taa hiyo sasa hivi, kisha rudi usikilize.

Tumbawe ni mnyama. Sisi watu wa pwani tumejenga nyumba kwa mawe yake na kuyachoma tupate chokaa, lakini jiwe lile ni mifupa tu. Mwenye mifupa ni mnyama laini, mdogo, na ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia nuru kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake. Nuru ikizidi, mwani hutoa vitu vyenye sumu, naye mnyama huutapika. Rangi huondoka pamoja na mwani, na mifupa myeupe huonekana kupitia nyama yake. Tumbawe la namna hiyo halijafa bado, lina njaa.

Maji yakipata joto mno huleta jambo lilo hilo, kama ilivyotokea mwaka 1998, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipopauka. Kwa hiyo Bwana wetu atazame kipimajoto pia. Maji yawe kati ya digrii 24 na 27 za Sentigredi. Kinyume chake, tumbawe lililokosa nuru mara nyingi huwa la rangi ya kahawia, maana mwani huongezeka ili upate kunasa ile nuru kidogo iliyopo.

Lakini mbona taa yenye nguvu ilionekana hafifu? Jicho la mtu huona vizuri zaidi kijani na manjano; buluu huiona kidogo. Baharini mambo ni mengine. Maji hunyonya nuru nyekundu kwanza, na buluu huendelea kushuka chini sana. Mwani wa matumbawe umeizoea hiyo buluu. Basi nuru tunayoiona sisi kama ya magharibi yaweza kuwa kwake jua la mchana.

Msitazame wati peke yake. Wati hueleza umeme unaoliwa na taa, si nuru inayolifikia tumbawe. Kiko chombo cha kupimia nuru, nacho huhesabu mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la utosini hutoa kama 2,000 juu ya bahari. Matumbawe laini hutosheka na 50 hadi 150. Yale magumu yenye matawi hupenda 200 hadi 350. Chombo hiki ni ghali, afadhali kukiazima. Pimeni pale pale tumbawe linapokaa, chini ya maji.

Tena kuna aina za taa. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyofuga matumbawe kwa jua tu, wala hakuhitaji taa. Baadaye zilikuja taa za metali halidi, za wati 250 au 400. Ni nzuri, ila hupasha maji moto, na kwa mtu wa Muscat hiyo ni taabu juu ya taabu. Mimi binafsi napenda taa za mirija, kwa sababu nuru yake huenea sawasawa bila vivuli, lakini mirija huchoka, hubadilishwa karibu kila mwaka. LED hudumu miaka mingi, na nguvu yake hupunguzwa utakavyo. Kwa hiyo Bwana huyu hakukosea kununua.

Sasa afanye hivi. Ashushe nguvu hata robo, na taa aininginize sentimita 30 juu ya maji. Matumbawe ayashushe chini kabisa ya tangi. Awashe saa nane tu kwa siku, kwa saa maalumu ya kuwashia na kuzimia, asitegemee kukumbuka. Rangi ikianza kurudi, huenda baada ya majuma kadhaa, aongeze nguvu kidogo kidogo kila juma, na weupe ukitokea tena arudi nyuma.

Tungependa kupata barua yake ya pili. Juma lijalo, chakula cha samaki. Kwaherini.