Kiswahili katika Upelelezi wa Vita: Arthur Wavell, Pwani na Kisii

Kila yanapozungumzwa mambo ya upelelezi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza huku Afrika ya Mashariki, jina litajwalo ni la Richard Meinertzhagen. Jina la Arthur John Byng Wavell halijulikani sana, ijapokuwa kwa mtaalamu wa lugha kazi yake ina mafunzo makubwa zaidi. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo na nafasi ya Kiswahili ndani yake, kisha kuilinganisha na mambo yaliyotokea Kisii vita vilipoanza.

Kwanza yafaa kutenganisha maneno mawili. Jasusi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mtu ajifichaye miongoni mwa watu ili awaibie siri zao. Mpelelezi ni mtafutaji wa habari, awe amejificha au la. Wavell, aliyezaliwa mwaka 1882, alianza kwa upelelezi. Baada ya Vita vya Makaburu alitumwa na jeshi kuchunguza nchi ambazo Waingereza hawakuzijua vyema, zikiwamo Swaziland (Eswatini ya sasa) na kaskazini ya Kalahari. Mwaka 1906 aliacha jeshi, akahamia karibu na Mombasa, akalima mkonge na kujifunza Kiswahili na Kiarabu.

Mwishoni mwa mwaka 1908 alikwenda Makka wakati wa Hija, akijiita Mzanzibari. Mwenyewe alieleza safari hiyo kuwa ni matayarisho ya kuvumbua sehemu nyingine za Uarabuni. Uchaguzi wa Uzanzibari haukuwa wa bahati. Mtu wa Zanzibar akisema Kiarabu chenye kasoro hamshangazi msikilizaji, maana lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili. Kwa hiyo makosa ya lafudhi na sarufi yalikuwa yamekwisha kupata udhuru kabla ya kuulizwa. Tena, huko Hijazi walikuwa wachache ambao wangeweza kumpima kwa Kiswahili chenyewe. Hatimaye, watu wa pwani wana nasaba nyingi, na rangi yao haiwi ushahidi wa kutosha.

Hata hivyo, sarufi peke yake haimfichi mtu. Salamu, namna ya kula, kutawadha na kukaa na wenzi wa safari ni sehemu ya lugha pia. Katika hayo Wavell alifuatana na Masaudi, Mswahili wa Mombasa, na Abdul Wahid, Mwarabu aliyekuwa akiishi Berlin. Bila ya watu kama hao, vazi lile lisingedumu hata siku chache. Katika safari yake ya pili, ya Yemen, Wavell alikuwamo Sanaa wakati mji huo ulipozingirwa mwaka 1911, na Waturuki wakamtilia shaka wakamkamata. Kitabu chake juu ya safari zote mbili kilitoka mwaka 1912.

Vita vilipozuka mwaka 1914, alikusanya kikosi cha Waarabu wa Mombasa, wengi wao Washihiri, akapigana nao dhidi ya Wajerumani kusini ya mji huo. Aliuawa vitani huko Mwele, katika Kwale, mwezi wa Januari 1916.

Huko Kisii mambo yalikuwa kinyume. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia mjini, na tarehe 12 wakapigana na askari wa King's African Rifles waliotoka upande wa Kisumu. Wagusii wengi, wakidhani kwamba utawala wa Waingereza umekwisha, waliingia bomani na madukani wakachukua mali. Serikali iliporudi ilichoma nyumba na kutoza mifugo. Imani ya Mumbo, iliyotabiri kuondoka kwa wazungu, ilikuwa imekwisha kuanza Nyanza mwaka 1913, nayo ikaenea Gusii.

Wakati huo Kiswahili kilikuwa huko lugha ya boma, askari na biashara. Ekegusii ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumbani. Misheni za Nyabururu (1911) na Nyanchwa (1912) zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza. Mtawala aliyetegemea mkalimani alisikia majibu ya maswali yake, wala hakusikia yaliyosemwa jikoni na malishoni.

Basi lugha ile ile iliyomfungulia Wavell njia ya Makka ilikuwa ukuta katika Kisii. Tofauti haikuwa katika Kiswahili chenyewe, bali katika uhusiano wa msemaji na wasikilizaji wake. Tena, wale waliobeba uhusiano huo, yaani wakalimani, wenzi wa safari na askari, aghalabu hawatajwi. Masaudi ametufikia kwa kitabu cha bwana wake, na Washihiri kwa jina la kapteni wao, maana waliitwa Waarabu wa Wavell. Atakayeandika historia ya Kiswahili katika vita vile hana budi kuanza na watu hao.