Kambi za uhifadhi zisiizike hekima ya Wamaasai

Wahenga walinena kuwa udongo uwahi ungali maji. Hatuna budi basi kuwapongeza wote wanaoandaa kambi ambamo vijana wa Kimaasai wa Kajiado na Narok hufunzwa uhifadhi wa mazingira na uongozi wakati wa likizo. Hata hivyo, mfinyanzi mwema huujua udongo wake kabla ya kuufinyanga. Kambi inayompokea kijana wa Kimaasai kana kwamba kwao hakujapata kuwa na elimu ya uhifadhi imepotea njia tangu siku ya kwanza.

Tuchukue neno olokeri. Hili ni eneo la malisho karibu na boma, linalotengwa wakati wa mvua ili nyasi zake ziwafae ndama na mifugo dhaifu kiangazi kiwadiapo. Aghalabu kinacholilinda si seng'enge bali ni makubaliano ya wakazi. Mwanafunzi aliyeelezwa vyema maana ya neno hilo amefunzwa sura nzima ya ikolojia.

Ama kuhusu uongozi, kiongozi wa rika huitwa olaiguenani, neno lenye asili moja na lile la kikao cha mashauriano, enkiguana. Kwa mujibu wa lugha hii, kiongozi si mwenye kuamrisha bali ni mwenye kushauriana na wenzake. Je, ni somo gani la uongozi lililo bora kuliko hilo?

Historia imetuonyesha madhara ya kuyapuuza mashauriano. Amboseli ilipotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1974, wafugaji walipoteza uhuru wa kunywesha mifugo yao katika chemchemi walizozizoea, na baadhi ya morani waliwachoma wanyama mikuki kuonyesha hasira yao. Kinyume chake ni michezo iliyoanzishwa mwaka wa 2012 huko Kimana, ambapo morani hushindana kukimbia, kuruka na kurusha mikuki badala ya kuwinda simba. Michezo hiyo imekubalika kwa sababu walezi wa morani, yaani menye layiok, walishirikishwa tangu mwanzo.

Wapo watakaodai kuwa tunataka kuwarejesha vijana katika enzi zilizopita. La hasha! Mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliziorodhesha enkipaata, eunoto na olng'esherr miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura, nazo zastahili heshima. Lakini hizo ni sherehe za wanaume. Msichana hakutengewa nafasi katika safu hiyo ya uongozi, ingawa mama yake ndiye ajengaye nyumba, achotaye maji na atafutaye kuni. Kambi inayomketisha msichana kando ya kaka yake, na kumpa haki sawa ya kusema, inaziba pengo ambalo mila iliacha wazi.

Jambo hili halingoji kesho. Ranchi za pamoja zilizoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1968 zimekuwa zikigawanywa, na kijana anayehudhuria kambi leo huenda akawa mrithi wa hati ya ardhi baada ya miaka michache. Auze? Azungushe ua? Au awaachie ng'ombe na pundamilia njia ya kupita? Uamuzi huo haufanywi ukumbini kwa Kiingereza. Hufanywa bomani, kwa Kimaasai, mbele ya wazazi na wazee. Kijana aliyekariri istilahi za kigeni asizoweza kumfafanulia nyanya yake atanyamaza pale sauti yake inapohitajika zaidi.

Kwa hivyo, walimu, waalikeni wazee wa kike na wa kiume wafundishe kambini. Masomo yaanze kwa Kimaasai, kisha Kiswahili na Kiingereza vifuate. Nanyi wanafunzi, kusanyeni majina ya nyasi, miti na misimu, myaandike pamoja na matumizi yake kabla wanaoyajua hawajatutoka. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Wajibu huo hautatimizwa na serikali peke yake. Lugha ikifa, nani atamweleza mchungaji wa kesho kwa nini nyasi zile zilitengwa?